Ruta Kwanza, Kidude Baadaye

Mtaa mzima ulimwita Mama Tangi, na yeye mwenyewe akipigiwa simu na mtu asiyemjua alijitambulisha hivyo hivyo. Tangi lilisimama uani kwake juu ya miguu minne ya chuma, na nyumba zote za mteremkoni zilichota hapo. Wakazi walikuwa wamemkabidhi pampu na bomba mumewe, fundi wa redio. Fundi alipofariki, hakuna aliyeuliza nani atafuata. Siku ya tatu baada ya mazishi walisimama mlangoni na ndoo zao wakimwonea haya, naye akatoka, akafungua koki.

Ila koki hata mtoto anafungua. Kazi ya Mama Tangi hasa ilikuwa kidude.

Kidude ni kibao kidogo cha kijani cha elektroniki, hakizidi kiberiti. Fundi alikifunga ndani ya kopo la siagi akakitundika ukutani sebuleni, karibu na ruta ya intaneti, na kutoka hapo waya mmoja ulipita dirishani ukapanda tangini kupima maji. Mwenye simu alifungua ukurasa wa kidude akajua maji yamefikia wapi, kabla hajabeba ndoo na kupanda kilima bure. Na ukurasa ule haukuwa na namba hata moja. Fundi aliandika kama alivyosema. Tangi likijaa: "Maji tele. Njooni bila kusukumana, hakuna aliyekufa kwa kusubiri." Likikauka: "Pakavu. Bakini nyumbani mpumzishe miguu." Yakibaki kidogo chini kabisa: "Haya ni ya mwenye mgonjwa na mwenye mtoto mchanga. Wewe unajijua." Na kweli watu walijijua. Hakuna mlinzi ambaye angeweza kuzuia foleni kama sentensi ile.

Mama Tangi alikumbuka jioni sentensi zile zilipoandikwa. Fundi mezani, miwani imefungwa uzi, anadonoa herufi kwa kidole kimoja kama kuku.

"Mke wangu, niseme 'bakini' au 'kaeni'?"

"Bakini. Ukisema kaeni watadhani unawapa viti."

Akacheka mpaka miwani ikaanguka. Ndiyo maana neno lile, kila lilipotokea kwenye simu za watu, Mama Tangi alilisikia kama lao wawili, yeye na mzee wake.

Sasa, kidude kilikuwa na ugonjwa mmoja. Umeme wa mtaa ule ulikatika utakavyo na kurudi utakavyo. Ukirudi, kidude kiliamka papo hapo, kikatafuta mtandao. Ruta nayo ilikuwa nzito ya kuamka, inachukua dakika mbili nzima kuwasha taa zake. Kidude kikitafuta mara moja na kukosa, basi, kinanuna. Taa yake inawaka, lakini ukurasa haufunguki mpaka mtu akichomoe na kukichomeka upya.

Fundi alijua. Kila mara alisema atakiandikia mstari wa kukifundisha kusubiri, na kila mara alikuwa na redio ya mtu mezani. Mganga hajigangi. Tena yeye alikuwepo nyumbani siku zote, akikichomoa kwa mkono wake, anasubiri taa ya tatu ya ruta, huku anasema kwa sauti, "Ruta kwanza, kidude baadaye," kama mtu anayepanga watoto mlangoni. Mama Tangi alirithi mkono ule na maneno yale. Kwa miaka miwili hakulala nje ya nyumba yake. Akiwa sokoni na umeme ukarudi, aliacha nyanya kwenye mizani akapanda kilima mbio.

Ndipo binti yake akapiga simu. Alikaa mji mwingine, safari ya siku nzima, na mimba yake ya kwanza ilikuwa imeingia mwezi wa tisa.

"Mama, unakuja lini?"

"Nitakuja mwanangu. Niangalie tu mambo ya kidude."

Binti akasema taratibu, "Mama, mimi najifungua mtoto. Kidude hakijifungui."

Mama Tangi aliaga, akashusha mkoba wa safari kabatini, akauacha wazi kitandani.

Kesho yake alimwita Fundi Simu, mtu mzima mwenye kibanda chake, aliyejifunzia kazi kwa marehemu mumewe enzi hizo. Fundi Simu alifungua kopo, akageuza kibao huku na huku.

"Mama, dawa ni ndogo. Namwekea programu mpya, akikosa mtandao ajaribu tena na tena. Nusu saa nimemaliza."

"Na maneno ya mzee?"

Fundi Simu alikuna kichwa. "Hapo sasa. Ya zamani yanafutika yote. Kuyatoa humu ndani siwezi, na kompyuta aliyoyaandikia si iliungua? Lakini wewe nitajie, nitayaandika upya."

"Ninayoyajua ni hayo niliyoyaona. Aliandika mengine sijui mangapi, yanasubiri siku zake."

"Basi tukubali hasara kidogo, Mama."

"Nipe siku mbili, mwanangu."

Alijua hana siku mbili. Akiondoka hivi hivi, hakuna jirani awezaye kuacha kazi yake ashinde hapo akisubiri umeme; siku ya kwanza tu ukikatika, ukurasa hautafunguka, na wanawake wenye mimba na wazee watapanda na ndoo wakute tangi kavu. Akikubali, mumewe atafutwa kwa nusu saa. Asipoondoka, binti atajifungua bila mama.

Alasiri umeme ulikatika, ukarudi. Mama Tangi alinyanyuka, akachomoa kidude, akasimama kusubiri ruta kama kawaida. Taa ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Nyuma yake, jikoni, kukasikika "tak", na friji ikaanza kunguruma.

Alikuwa amesikia "tak" ile maelfu ya mara. Ilikuwa gadi ya friji, kiboksi cheupe kinachochomekwa ukutani, kinachoizuia friji dakika tatu umeme unaporudi ili isiungue. Kila siku friji ilikuwa inasubiri jikoni, na kidude hakijui kusubiri sebuleni, na yeye katikati yao anakimbia. Akatazama kiboksi. Akatazama kopo la siagi.

Jirani yake, muuza mkaa, alimkuta anavuta friji.

"Unahama?"

"Nataka gadi iliyo nyuma yake. Friji yenyewe haina kitu zaidi ya maji na nusu limau."

Alileta gadi sebuleni, akaichomeka ukutani, akachomeka ekstensheni juu yake, na kwenye ekstensheni akachomeka kila kilichokuwa ukutani, kidude na ruta vyote. Wakazima swichi kubwa, wakawasha, wakasubiri. "Tak." Wakafungua ukurasa kwenye simu ya muuza mkaa. Haukufunguka.

Mama Tangi alikaa chini sakafuni, mikono mapajani.

Muuza mkaa aliangalia nyaya kwa muda. "Mwenzangu, umewalaza kitanda kimoja halafu unashangaa wameamka pamoja?"

Mama Tangi aliinua kichwa. Akachomoa ruta, akairudisha ukutani peke yake. Kidude akakiacha kwa gadi. Wakazima tena, wakawasha. Ruta ikajinyoosha polepole, taa moja moja. Gadi ikakaa na taa yake ya njano. Muuza mkaa akaanza kunong'ona, kama mtu aliye kanisani. "Tak." Sekunde chache, na simu ikasema: "Nusu tangi. Msiogope, lakini msifue mapazia."

Walizima na kuwasha mara sita. Ya saba muuza mkaa alisema mkaa wake unaibiwa, akaenda.

Fundi Simu alipopata habari alikuja kujionea mwenyewe. "Mimi nilisomea haya mambo miaka mitatu, Mama."

"Wewe ulitaka kumfundisha. Mimi nimemchelewesha kuamka tu."

Alisafiri Jumatano. Mtoto alizaliwa Ijumaa, wa kike, mwenye nywele nyingi. Jumapili saa nne asubuhi muuza mkaa alipiga simu: umeme wa mtaa umekatika umerudi, ukurasa umefunguka wenyewe, watu wanachota.

"Wenyewe kabisa?"

"Kabisa. Hatukuhitaji, baki huko na mjukuu."

Alicheka.

Siku iliyofuata umeme ulikatika kwa binti. Ulipowaka tena, Mama Tangi alikuwa ameshanyanyuka, ameshafika katikati ya sebule, mkono umenyooshwa mbele. Ukuta ulikuwa mtupu, una kalenda tu.

"Mama, unakwenda wapi?" binti akauliza kutoka kitandani.

"Siendi popote. Nimezoea tu kumfuata baba yako."

Binti alimwinua mtoto, akamnyooshea mama yake, na Mama Tangi akampokea kwa mkono ule ule.