Kipimo Ambacho Zadock Hakukinakili

Dorothy Buya hakuwa mtu wa kusahau. Waliomjua tangu akichezea matope kwao Idsowe, kijiji cha karibu na Garsen, walisema binti huyu ukimkanyaga mguu, ujue na wako utakanyagwa. Basi Zadock alimkanyaga, tena kwa kiatu.

Ilikuwa hivi. Dorothy alitengeneza ukurasa wa mtandaoni unaochora grafu mbili za mto Tana: moja ya Wenje kule juu, nyingine ya Garsen. Wakulima na wafugaji waliufungua kwenye simu kabla ya kuteremka mtoni. Kila grafu ilikuwa na kipimo chake, yaani kanuni inayosema mita moja ya maji ipande kiasi gani kwenye skrini. Alitunga cha Wenje, akakinakili kwa ajili ya Garsen, kila kimoja kikajitegemea. Zadock, mwenzake wa ofisini, akafuta jina la Dorothy, akaweka lake, akapandishwa cheo.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Dorothy alinyamaza kama maji ya mtungini, lakini moyoni alikuwa akichemka. Siku za mwizi arobaini, alijiambia, akangoja.

Mvua ikapiga bara. Zadock, akitaka kuonekana fundi, alikuwa ameipunguza programu na kuondoa agizo la kunakili, hivyo grafu zote mbili zikategemea kipimo kilekile. Maji ya Wenje yalipojaa, akakipunguza kipimo, mita moja ipande kidogo tu, ili yaenee kwenye picha. Garsen nayo ikafinywa bila yeye kujua: maji yake yakaonekana yako chini kabisa ya mstari mwekundu wa hatari, ambao wenyewe haukusogea. Dorothy aliliona kosa asubuhi, akacheka peke yake. Angeweza kumwonya. Hakumwonya, kwa sababu mchana kulikuwa na baraza.

Barazani Zadock akamulika grafu ukutani. "Garsen hakuna shida," akasema.

Tadicha, mfugaji wa Kiorma, akasimama. "Kijana, ng'ombe yangu leo imekunywa maji kwa barabara. Hiyo mto yako iko wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Dorothy akainuka, akaeleza kosa mbele ya wote, polepole, tena akataja grafu zilikuwa za nani tangu mwanzo. Zadock akainama. Kisasi kile kilikuwa kitamu kuliko maembe ya Ndera, na Dorothy alikila mpaka kokwa.

Alikuwa angali amesimama simu ilipolia. Alikuwa mama yake, Tamar, akipiga kutoka Idsowe.

"Dorothy, maji yameingia ndani. Tuko juu ya paa, mimi na majirani."

"Mama! Mbona hamkuhama?"

"Wao walitaka kuhama asubuhi, nikawazuia. Nilitazama ile grafu kwenye simu, nikawaambia kazi ya mwanangu haidanganyi."