Bingwa wa Kwenye Kalenda

Kalenda ile niliikuta mara ya kwanza kwenye duka la dawa kule Milanzi. Nilikuwa nimekwenda kutafuta dawa ya kichwa, na kichwa chenyewe kikazidi kuuma. Imetundikwa ukutani, inang'aa, ina nembo ya shule yetu, na katikati amesimama msichana mzuri, trakisuti imenyooka, medali kifuani, anatabasamu meno yote nje. Chini yake maandishi mekundu: bingwa wetu wa mbio za mita elfu moja na mia tano. Muuzaji akaniambia, "Mwalimu, hongereni! Kumbe mna watoto wanaokimbia hivi?" Nikasema asante. Ningemwambia nini? Msichana wa kwenye picha namfundisha mwenyewe. Mbio zake nazijua: kutoka darasani mpaka kantini, tena siku zenye maandazi.

Aliyekimbia alikuwa mwingine kabisa. Alikuwa binti wa kutoka kijijini Mpui, mwanafunzi wetu wa bweni, mrefu, mkimya, wazazi wake wakulima wa mahindi na ulezi. Alianza shule akiwa amechelewa, kwa hiyo darasani alikuwa mkubwa kuliko wenzake. Kila alfajiri yeye ndiye aliyeongoza mchakamchaka. Shule nzima iko nyuma yake, baridi ya Sumbawanga inauma masikio, na yeye anaimbisha huku anakimbia kinyumenyume ili aone nani anatega. Mimi nilikuwa mlezi wa riadha kwa wasichana. Cheo hicho nilipewa kwa sababu moja tu, kwamba siku naripoti kazini nilikuwa nimevaa raba.

Mwaka uliotangulia alishinda mbio za shule binafsi za mjini. Alizikimbia pekupeku, akamaliza wenzake wakiwa bado wako upande wa pili wa uwanja. Zilikuwa mbio za kirafiki tu, hazikumpeleka mtu popote, ila medali alipewa. Kesho yake akaja mwenye shule, ambaye sote tulimwita mkurugenzi, pamoja na mpiga picha wake. Akamtazama yule binti: vumbi miguuni, fulana imechanika begani, uso umekauka kwa upepo. Akasema, mbele yake, mtoto anasikia, "Picha hii haiuzi shule." Jamani! Akazungusha macho, akamwona yule mzuri, wakati ule yuko kidato cha pili, anakaa Izia hapa mjini, hutoka kwao kila asubuhi amepigwa pasi. Medali ikavuliwa shingo hii, ikavishwa shingo ile. Kamera ikalia. Nilipofungua mdomo niliambiwa, "Madam, wewe fundisha. Habari za shule tuachie sisi."

Basi habari ikaenda. Ikaingia kwenye grupu la wazazi, ikaenda kwenye bango la njia panda, ikaishia kwenye kalenda. Mkuu wa shule aliisoma mstarini kwa sauti nzito, akitaja jina la yule wa pasi, na shule nzima, ambayo ilikuwa uwanjani siku ile na kuona kwa macho yake, ikapiga makofi. Binti wa Mpui naye akapiga. Nilimwangalia nikatamani kumtingisha mabega. Nilipomuuliza kwa nini hasemi kitu, akanijibu kwa upole wa kuudhi, "Madam, mbio si nilishakimbia? Picha wachukue."

Mwaka huu mambo yalikuwa mengine. Haya yalikuwa mashindano ya kuchagua timu ya mkoa, na utaratibu ulitangazwa wazi: wa kwanza anaingia kambini, wa pili anarudi nyumbani. Kutoka kambini ni kwenda taifa, na huko huja walimu wa riadha wa majeshi kutafuta vijana. Binti alikuwa kidato cha nne. Mwaka wake wa mwisho. Hakutaka udaktari wala uhasibu, alitaka kwenda kukimbia jeshini, na alikuwa ameniambia zaidi ya mara moja, "Madam, nikikosa mwaka huu ndiyo basi, narudi kulima."

Sasa lazima nieleze jambo moja la aibu kuhusu michezo ya shule zetu. Kuna kitu kinaitwa mamluki. Shule ikiona timu yake dhaifu, inakwenda mtaani, inamchukua mtu aliyemaliza shule zamani, inamvisha sare, inamwambia akiulizwa aseme yuko kidato cha tatu. Usinitajie shule isiyowahi. Nimewahi kuona "mwanafunzi" ana ndevu, anaulizwa jina la mwalimu wake wa darasa, anatazama juu kama vile limeandikwa mawinguni. Ndiyo maana waamuzi hawamwamini mtu. Pingamizi likitolewa, na kitambulisho hakipo, mkuu wa shule husimama mbele ya mwamuzi na kuthibitisha kwa mdomo wake: huyu ni wangu. Hapo mjadala unakwisha. Vitambulisho vyetu vya mwaka huu vilikuwa bado viko kwa mchapaji. Kalenda ziliwahi, vitambulisho vikachelewa. Hiyo ndiyo shule yetu.

Mbio zenyewe sina haja ya kuzirefusha. Upepo ulikuwa unashuka kutoka milima ya Mbizi, wenzake wakawa wanajificha nyuma ya migongo, yeye akaenda mbele peke yake tangu mzunguko wa kwanza, akabaki huko. Nilipiga kelele mpaka sauti ikaniisha. Alipovuka utepe hakuruka wala hakujitupa chini. Alinitafuta kwa macho, akainua kidole kimoja, kama mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda nje. Nikalia. Ndiyo, nililia, mtu mzima na filimbi yangu shingoni.

Machozi hayajakauka, mwalimu wa shule iliyoshika nafasi ya pili anakuja mbio kwa mwamuzi mkuu, simu mkononi. "Mzee, naweka pingamizi. Huyu ni mamluki!" Mwamuzi, mzee mmoja mtaratibu mwenye kofia ya pama, akamuuliza ana ushahidi gani. "Ushahidi ni wao wenyewe," akasema, akaigeuza simu. Kalenda yetu! Kaipiga picha dukani, herufi zote zinasomeka. "Bingwa wao wa mbio hizi hizi ni huyu hapa, mfupi, mweupe. Huyu mlingoti wamemtoa wapi? Mtazame umri wake."

Ebo! Damu ilinichemka mpaka nikasikia masikio yanavuma. Ila hata hapo sikuwa na wasiwasi, kwa sababu mkuu wetu alikuwepo, amekaa kwenye kiti cha plastiki kivulini, suti na tai. Akaitwa. Mwamuzi akamweleza, kisha akamuuliza kwa adabu, "Mkuu, kwa mdomo wako, huyu binti ni mwanafunzi wako au siyo?"

Neno moja tu. Ndiyo. Hata mtoto wa chekechea analijua. Lakini habari za pingamizi zilikuwa zimeshafika kwenye grupu la wazazi. Simu ya mkuu ikaita, akapokea, akajitenga hatua chache, na mkurugenzi hana sauti ndogo, hivyo tulisikia: "Ukisema ndiyo, ile kalenda inakuwa uongo! Kila duka la mji huu lina kalenda yangu! Usinichafulie shule!" Mkuu akarudi. Akavuta tai. Akasema, "Mzee, suala hili ni nyeti kidogo. Naomba tulifuatilie kiofisi."

Kiofisi! Mtoto huyu anakula kwake, analala kwake, anamwamsha yeye mwenyewe kwa nyimbo kila alfajiri, halafu afuatiliwe kiofisi! Mwamuzi akamuuliza tena, taratibu zaidi, kama anayemsaidia mtu kukumbuka jina la mkewe. Mkuu akajibu yale yale. Mzee akashusha pumzi, akasema kama mkuu hathibitishi, kanuni inamfunga, nafasi itakwenda kwa wa pili.

Nikapasuka. "Ni wetu!" nikasema. "Nimemfundisha miaka minne! Kalenda hiyo ni uongo mtupu, tulimvua huyu medali tukamvisha mwingine kwa sababu ya vumbi!" Mkuu akaniambia huku ameuma meno, "Madam, kazi unaitaka?" Nikamjibu kwamba kazi naitaka sana, ya kufundisha, siyo ya kuficha watoto wa watu. Mwamuzi akaniinulia mkono. "Dada yangu, nakuamini. Lakini wewe siyo mkuu, na pingamizi lina picha. Nyie mna maneno."

Binti alikuwa amesimama palepale, jasho limeanza kumpoa, anatetemeka. Hakuna aliyekuwa amemuuliza yeye kitu. Nikamvika sweta langu. Aliniuliza kwa sauti ndogo, "Madam, kwa hiyo nimeshindwa?" Nikamfunga vifungo vya sweta mpaka shingoni.

Hapo ndipo nikasikia, "Pisheni, pisheni nipite." Alikuwa yule wa kidato cha tatu, bingwa wa kwenye kalenda, anapasua kundi la washangiliaji na nguo zake zilizopigwa pasi, uso umemwiva. Akampa mzee shikamoo. Mzee akaitikia. "Mimi ndiye wa kwenye picha," akasema. "Nilivishwa tu. Mbio sijui. Mwaka mzima nikipita sokoni naitwa bingwa, bingwa, mashangazi wananiuliza nitakimbia lini wanione. Nimechoka! Kama mnabisha niacheni nizunguke uwanja huu mara moja, ila mniandalie dripu kabisa."

Watu wakacheka, mzee naye kofia ikamcheza. Akamgeukia yule mwalimu wa pingamizi, akamwomba simu, akaiweka picha karibu na uso wa yule wa kidato cha tatu, akalinganisha. Ni yeye, hakuna ubishi. Akamuuliza anayeongoza mchakamchaka kwao ni nani, na kabla mtoto hajajibu, wanafunzi wetu wote waliokuwa nyuma ya kamba walikwishamnyooshea vidole binti wa Mpui. Mzee akamrudishia mwalimu simu yake. "Ushahidi wako umeongea," akamwambia. "Pingamizi limeanguka, na pasipo pingamizi sihitaji neno la mkuu. Wa kwanza ni wa kwanza. Aandaliwe kwenda kambini."

Wasichana wangu walimbeba juujuu. Mimi nilikaa chini kwenye nyasi kavu, nikawa nacheka huku nimekasirika. Maana nilimwona mkuu. Mtu aliyekuwa amekosa neno moja, sasa kapata maneno tele! Anapanga watu, anafuta viti, anamwita mpiga picha. "Njoo, binti yangu, njoo hapa katikati! Madam, sogea kidogo, unaziba. Mkurugenzi anaitaka picha sasa hivi, iende kwenye grupu." Simu ameiacha wazi mkononi, mkurugenzi yuko hewani anasikiliza. Akanyoosha mkono mwingine amshike binti begani.

Binti akarudi nyuma. Hakuwa na jeuri yoyote; mikono ilikuwa nyuma, kichwa kimeinama, kama walivyomlea kwao.

"Samahani, mkuu," akasema. "Mzee alikuuliza kama mimi ni mwanafunzi wako. Hukumjibu."

"Aa, hayo yamekwisha, binti. Si umepita?"

"Nimepita, mkuu. Lakini hukumjibu. Naomba unijibu mimi, ndipo tupige picha."

Mkuu akanitazama mimi. Akamtazama mwamuzi, ambaye naye alikuwa amesimama anasubiri. Akawatazama wanafunzi wake. Akavuta tai tena. Kwenye simu sauti ya mkurugenzi ikatufikia sote pale tuliposimama: "Haloo? Haloo? Mbona kimya? Hiyo picha iko wapi?"