Alichokisema Mama Chembe Redioni

Wanafunzi ndio waliompa jina la Mama Chembe, naye hakulikataa. Alikuwa mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari ya wasichana, mwanamke mnene kidogo, mwenye sauti ya kusikika hadi jikoni kwa wapishi. Alizoea kuvunja kipande cha chaki, akakivunja tena na tena mpaka kikawa unga kiganjani, kisha akawapulizia wa mstari wa mbele ili wajue kwamba kila kitu, pamoja na mwalimu mkuu, kimeundwa kwa chembe. Hakuwa mwongo. Hilo lisemwe mapema, maana yaliyomkuta yanaweza kumfanya mtu amdhanie hivyo. Alikuwa anapenda kusikilizwa, basi.

Kituo cha redio kilipotafuta mtu wa kueleza fizikia ya kwanta, ile ya chembe ndogo kuliko zote, kwa lugha ya kawaida, mwalimu mkuu alimtaja yeye. Aliketi katika chumba kidogo chenye kuta za sponji, akavaa vipokea sauti vinavyonuka mafuta ya nywele za watu wengine, akaanza vizuri tu. Alisema kwamba chembe mbili zikizaliwa pamoja zinaweza kubaki kitu kimoja hata zikitenganishwa, na kwamba ukizipima, majibu yao yanaoana.

"Hata moja ikiwa hapa na nyingine ng'ambo?" mtangazaji aliuliza.

"Hata ng'ambo ya mwezi."

"Mwalimu, unanitisha!"

Hapo kichwa cha Mama Chembe kikaanza kuvimba. "Ukiigusa hii, ile inajua papo hapo," aliendelea. "Unadhani kwa nini mama hushtuka mwanawe akiumwa mbali? Mama na mwana waliwahi kuwa mwili mmoja."

Mtangazaji alipiga meza kwa furaha. Maneno hayo ya mwisho Mama Chembe hakuyasoma popote. Yalimjia mdomoni, matamu, akayaachia.

Baada ya hapo akawa mtu wa kuonyeshwa kidole dukani, "Ndiye huyu wa chembe!" Muuza magazeti alimweleza jinsi mama yake alivyowahi kuota ajali kabla haijatokea. Mama Chembe aliitikia kwa kichwa kama daktari anayesikia dalili anazozijua.

Kisha ikaja semina ya walimu wa sayansi, kwenye ukumbi wa chuo wenye viti vya kukunja. Mkufunzi alikuwa mwanamke mpole mwenye mafua, anayejifuta pua kila baada ya sentensi mbili. Alipofika kwenye chembe zilizofungamana, zile zinazozaliwa pamoja, vichwa viligeuka kumtazama Mama Chembe, naye akasimama bila kuombwa. Akarudia yale ya redioni.

"Asante, mwalimu," mkufunzi alisema. "Tuseme mimi nina chembe moja hapa, wewe una mwenzake nyumbani. Nataka kujua kama chakula kimeiva. Utaniambiaje?"

"Naigusa yangu, yako inatikisika. Unajua kimeiva."

"Lakini ukiipima yako, jibu unalichagua wewe?"

Mama Chembe alimtazama mkufunzi. Hakuwahi kujiuliza hilo.

"Hulichagui," mkufunzi alisema taratibu. "Linakuja lenyewe, ndiyo au hapana, kama sarafu iliyorushwa. Na mimi huku naona ndiyo na hapana zangu, nazo kama za sarafu. Sitajua lolote kuhusu chakula mpaka unipigie simu."

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Mama Chembe alihisi masikio yanawaka. Badala ya kukaa, akaongeza kosa la pili: "Basi ni kama jozi ya viatu. Kimoja umekituma mbali, ukifungua boksi lako ukakuta cha kulia, unajua kule kipo cha kushoto. Hakuna muujiza."

Mkufunzi alijifuta pua. Ilionekana wazi kwamba hakutaka kumuumiza, na huruma ile ndiyo iliyomchoma zaidi.

"Viatu ndiyo njia iliyojaribiwa ikashindwa, mwalimu. Viatu vilijua tangu kiwandani kipi ni cha kulia. Chembe hizi hazikupangiwa hivyo. Fikiria maswali matatu, kila moja jibu lake ndiyo au hapana. Ukiziuliza chembe mbili swali lile lile, zinajibu sawa daima. Ukiziuliza maswali tofauti, maabara zimeona zinaoana mara moja tu katika kila nne. Nenda nyumbani ujaribu kuzipangia mapema majibu yatakayotoa hesabu hiyo, uone kama utaweza."

Mama Chembe alikaa. Siku nzima iliyobaki alitazama kisogo cha mtu aliyeketi mbele yake, akiomba ardhi ipasuke immeze.

Jioni hakwenda kwake. Alikwenda kwa dada yake mkubwa, fundi wa kushona nguo, ambaye karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba: cherehani mbili, pasi nzito, na vipande vya vitambaa vimejaa hadi chini ya kochi. Dada alikuwa anapindua ukosi wa shati. Alimtazama mdogo wake usoni, akasukuma kikombe cha chai upande wake.

Mama Chembe akamwaga vifungo vya dada yake mezani. Cheusi, ndiyo. Cheupe, hapana. Akapanga vitatu mstari mmoja, jibu la kila swali, kama vile chembe ingekuwa imevibeba mfukoni tangu kuzaliwa, na pacha wake amebeba vile vile. Vyote vyeusi: vinaoana siku zote. Viwili vyeusi na kimoja cheupe: ukichagua maswali mawili mawili tofauti, utapata jozi tatu, na moja kati yake inaoana. Akageuza, akapanga upya. Rangi ni mbili na nafasi ni tatu, kwa hiyo lazima rangi moja ijirudie. Haikuwezekana kushuka chini ya mara moja katika tatu, upange utakavyo. Na maabara zimeona mara moja katika nne.

Aliweka mkono mdomoni, akacheka. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote ya kufundisha, alikielewa kitu kile. Hakuna chembe iliyotembea na majibu yake mfukoni, kila moja na yake. Kuoana kwao hakukuwa hapa wala kule, kulikuwa kwa zote mbili kwa pamoja. Na bado anayeshika moja peke yake haoni kitu ila bahati nasibu, mpaka matokeo ya mwenzake yamfikie kwa njia ya kawaida, ayalinganishe. Ilikuwa ajabu kuliko uongo wake wa redioni.

"Unacheka nini peke yako?" dada aliuliza.

"Dada, nilikosea. Yale ya redioni. Haiwezekani kutuma habari kwa chembe, hata kidogo. Wala ile ya mama na mwana si sayansi. Niliitunga."

Cherehani ilisimama.

"Uliitunga?"

"Ilinitoka tu."

Dada aliweka shati pembeni. Mwanawe wa pekee alikuwa ng'ambo, akifanya kazi kwenye ghala la mizigo, na mara ya mwisho walipozungumza alimwambia mama yake kwa ukali apunguze kupiga simu, wenzake wanamcheka.

"Mimi sijampigia tangu siku ile," dada alisema. "Nilikusikia nikasema, kumbe hakuna haja ya kumsumbua. Kila asubuhi kabla sijakaa kwenye cherehani nafumba macho, namtafuta. Moyo ukitulia, najua mzima. Nimewaambia mpaka wateja. Nimewaambia mdogo wangu ni mwalimu, anajua anachosema."

Mama Chembe alianza kukusanya vifungo mezani, kimoja kimoja.

"Piga wewe, kwa simu yako," dada alisema. "Mimi alinikanya."

Iliita mpaka karibu ikatike. Kisha sauti ya kijana, nzito kama ya mtu aliyeamshwa.

"Mama mdogo? Kuna nini nyumbani?"

"Hakuna kitu, baba. Tunakusalimia tu. Hujambo?"

Kijana akajibu: "Sasa naendelea vizuri. Boksi ziliniangukia mguuni, wamenitia vyuma. Nilikaa hospitali muda mrefu." Halafu, kwa sauti ndogo: "Nilidhani Mama amenisusa. Kwa yale niliyomwambia. Nikaona aibu kumpigia."

Dada aliinyakua simu, akaenda nayo chumba cha ndani, akafunga mlango. Mama Chembe alibaki na chai iliyopoa. Alimsikia dada yake akilia, kisha akigomba, kisha akiuliza kuhusu mguu. Alipotoka alikuwa na macho mekundu.

"Mwanangu alilala hospitalini, mimi huku moyo umetulia," alisema. "Nenda nyumbani. Leo sitaki kukuona."

Akaenda.

Aliwaomba redio wamrudishe arekebishe. Mtangazaji alisikitika: "Lakini mwalimu, watu walikipenda mno kipindi kile!" Mwisho alimpa nafasi finyu kabla ya taarifa ya habari. Mama Chembe alisema wazi kwamba alidanganya kwa kutojua, na sehemu nyingine kwa kutaka kupendeza, akaanza kueleza maswali matatu, na tangazo la sabuni likamkata katikati ya la pili. Muuza magazeti alimwambia kesho yake kwamba hakuwa ameelewa, ila yeye anabaki na ile ya kwanza.

Darasani ilikuwa vigumu zaidi. Kila wasichana walipomtazama kwa imani ile ya zamani, uso ulimshuka. Akawaeleza tena tangu mwanzo, bila kupuliza chaki. Msichana mmoja akanyoosha mkono: "Sasa, mwalimu, zinaoanaje, kama hazikupanga na haziongei?"

Zamani angekuwa na jibu kabla swali halijaisha. "Hesabu zake nitawafundisha," alisema. "Lakini kwa nini dunia iko hivyo, sijui. Hata wakubwa wa fani hii bado wanabishana." Masikio yalimwaka, akaona wengine wanaangaliana.

Dada hakumwita wala kumpigia kwa muda mrefu. Kijana sasa alikuwa akipiga simu mwenyewe, siku za mapumziko, na ndiye aliyewapatanisha kidogo kidogo, akimwuliza mama yake kila mara, "Na mama mdogo yupo?" Siku moja dada alimwita aje ajaribu gauni. Alimzungusha, akabana kiuno kwa pini.

"Umekonda," alisema, pini zikiwa mdomoni. "Mimi bado nina hasira, usidhani. Simama wima."

Mama Chembe akasimama wima.