Shamba Alilotoa Baba

Asubuhi sokoni hapa Tanga, lori la mboga kutoka Lushoto likishafunuliwa turubai, hutoka harufu ya kabichi zenye umande, ya karoti zilizong'olewa na udongo wake, na ya magunia yaliyolala kwenye baridi ya milimani. Wanawake wenzangu hugombania magunia ya mwanzo. Mimi husimama kwanza nikaivuta harufu ile. Ni harufu ya shamba letu la mtoni, na kwa miaka mingi sikuweza kuivuta bila kumkasirikia baba yangu.

Ngoja niwaeleze, maana jambo hili sijawahi kulisimulia lote.

Kijiji chetu kilikuwa huko huko Lushoto, upande wa Vuga, kwenye miteremko ambayo ukidondosha chungwa mlangoni unalifuata mpaka kwa jirani wa tatu. Ardhi tambarare ilikuwa chini bondeni tu, kando ya mto, na haikuwa kubwa. Huko ndiko kulikokuwa na udongo mweusi unaoshika maji hata kiangazi. Familia chache zilikuwa na vipande huko, na vipande viwili vilivyokuwa bora vilipakana. Kimoja kilikuwa chetu. Kingine kilikuwa cha wakfu.

Shamba la wakfu liliachwa na Bi Zaina, mjane asiyekuwa na mtoto. Mimi simkumbuki vizuri, nakumbuka kikohozi chake tu. Kabla ya kufa aliwaita watu wazima wanne, baba akiwa mmoja wao, akasema mbele yao kwamba shamba lake lisiuzwe, lisirithiwe na mtu, na mavuno yake yaliwe na wasio na mtu. Akamkabidhi baba kulisimamia. Baba alikuwa maalim wetu wa chuo cha Kurani na imamu wa msikiti wetu mdogo wa bati, mtu mrefu, mpole, mwenye kofia iliyofuliwa mpaka ikasahau rangi yake. Sisi watoto wake hatukuruhusiwa kuchuma hata jani la maboga kwenye shamba lile. Tulilizunguka kama tunavyozunguka kaburi.

Miaka niliyokuwa na akili, waliokula wakfu ule walikuwa Mzee Shabani kipofu, wasichana wawili yatima waliokaa na bibi yao, na Mama Eliza. Mama Eliza alikuwa mjane Mlutheri mwenye watoto wanne. Mumewe alikuwa ametoka Mlalo, akafia kwetu, na ndugu zake hawakurudi kumwulizia mke. Baadhi ya wazee msikitini hawakupenda. Nakumbuka mmoja alisema baada ya sala, sisi watoto tukiwa bado tunavaa kandambili, "Maalim, mali ya wakfu unampelekea mtu asiyesali?"

Baba alijibu bila kupandisha sauti. "Anasali, ila si hapa. Na Bi Zaina hakuniambia niwaulize watu wanasali wapi. Aliniambia niwaulize kama wana mtu."

Ikaisha hapo. Mama Eliza akaendelea kupata fungu lake, na kwa kuwa aliona haya kuja barazani msikitini, sisi ndio tuliompelekea nyumbani.

Kisha zikaja siku za vijiji vya ujamaa. Kwetu hatukuhamishwa, kwa sababu tulikuwa tayari tumebanana, lakini kijiji kiliandikishwa, kikapewa ofisi, na watu wakatakiwa kuchagua mwenyekiti. Walimchagua baba. Nadhani walimchagua kwa sababu ya shamba lile la wakfu; walikuwa wameona kwamba mtu anaweza kushika cha watu miaka yote na watoto wake wakabaki na magoti ya vumbi kama wa wengine. Mimi nilifurahi kupita kiasi. Nilikuwa na miaka tisa, nikaanza kutembea shuleni kama mtu aliyemeza fimbo. Mama hakufurahi. Siku ile alipika kama kawaida, akasema tu, "Haya. Sasa wamekupata."

Furaha yangu haikumaliza masika moja. Bwana mmoja alikuja kutoka serikalini, kijana msafi mwenye viatu vilivyopata taabu sana na njia zetu, akaitisha mkutano kwenye uwanja wa shule. Kuhudhuria ilikuwa lazima, kwa hiyo tulikuwapo wote, na kina mama na watoto mgongoni. Alisema kila kijiji kiwe na shamba la pamoja, watu walime kwa zamu, na mavuno yajenge zahanati. Watu walipiga makofi, na hawakupiga kwa woga. Zahanati tuliitaka. Mwaka uliopita dada wa rafiki yangu alikuwa amefia njiani akibebwa kwa machela.

Halafu akasema shamba hilo litakuwa bondeni, na kwamba ameshatembea akaliona. Akanyoosha kidole kuelekea shamba la wakfu.

Baba akasimama. "Ndugu, lile ni wakfu."

"Nimeelezwa," yule bwana akasema, na sikumwona kuwa mbaya, alionekana mtu mwenye haraka. "Lakini mwenyewe si alishafariki? Marehemu hana shamba, Mwenyekiti."

"Marehemu hana," baba akasema. "Wenye nalo wapo, hawajafa. Yule pale Mzee Shabani. Na Mama Eliza yule."

Watu wote wakageuka kumtazama Mama Eliza, naye akainamisha kichwa mpaka kitambaa kikamfunika uso. Yule bwana akauliza kama basi Mwenyekiti ana eneo jingine tambarare, au anataka kijiji kilime ukutani. Wengine walicheka. Baba hakucheka. Aliomba apewe mpaka Ijumaa.

Siku tatu zile nyumbani kulikuwa na hali ambayo sikuijua. Baba na mama hawakugombana, ila kila nilipoingia jikoni maneno yalikatika. Mama aliunguza maharage, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Baba alikwenda bondeni peke yake jioni, akarudi na matope mpaka kwenye mashavu ya miguu, asiseme alikwenda kufanya nini.

Ijumaa mchana, baada ya sala, watu wakakusanyika tena uwanjani. Baba alizungumza maneno machache mno. Alisema wakfu uachwe kama ulivyo. Kijiji kichukue shamba la mtoni, lililo jirani yake, la nyumbani kwake, pamoja na kabichi zilizomo.

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamtafuta mama kati ya wanawake. Alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, anaitazama ardhi mbele yake. Wanawake wawili waliokaa karibu naye walimshika bega. Mimi nilikimbia nikaenda kulia nyuma ya choo cha shule, na nilipomaliza kulia nilikuwa nimeshaamua kwamba baba anawapenda watu wa nje kuliko sisi.

Tulichobakiwa nacho ni kipande cha juu, mbali, kwenye mteremko wenye mawe. Udongo wake ulikuwa mwekundu na mwepesi, mvua ikinyesha unauona unaondoka. Tulijenga matuta, yakabomoka, tukayajenga tena. Mwaka ule mvua za vuli zilichelewa. Tulikula magimbi, tukala mshunga, ile mboga chungu ya porini, mpaka mdogo wangu Sefu akawa anauona unachumwa tu anaanza kulia. Bondeni, shamba lililokuwa letu lilikuwa linalimwa na kijiji kizima kwa zamu, nasi tukiwamo. Nilipalilia kabichi kwenye matuta niliyoyajua kwa jina, nikijua hakuna hata moja itakayoingia chunguni kwetu. Na ng'ambo ya mfereji, shamba la wakfu lilikuwa na viazi vilivyopasua udongo kwa kunenepa.

Siku moja baada ya shule sikwenda nyumbani. Niliingia kwenye shamba la wakfu na kikapu cha mama, nikapiga magoti, nikafukua kwa mikono. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba ni haki yangu, kwani shamba letu ndilo lililoliokoa hili. Nilipofikisha kikapu nusu nikaona miguu mbele yangu.

Alikuwa Mama Eliza na jembe lake. "Shikamoo," nikasema, kwa kuwa mdomo ulikuwa umezoea.

"Marahaba, Hadija." Akatazama kikapu, akanitazama usoni kwa muda. Hakunikemea. Aliinama, akafukua viazi viwili vikubwa, akaviweka juu ya vyangu. "Nenda, mwanangu. Mama yako apike."

Baba alikuwa mlangoni nilipofika. Aliuliza viazi vimetoka wapi, nami nikasema kwa Mama Eliza, na kwa hilo nilijiona sijadanganya. Akauliza, "Kwake nyumbani, au shambani?" Hapo nikapasuka. Nilimwambia mambo ambayo mtoto wa kwetu hamwambii baba yake. Nilisema tuna njaa kwa sababu yake. Nilisema, "Wewe ndiye uliyetoa shamba letu!" Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Alifungua mdomo kusema, na baba akamtazama, naye akanyamaza.

Nilingoja kofi. Halikuja. Baba alichukua kikapu kwa mkono mmoja na mkono wangu kwa mkono wa pili, tukashuka bondeni.

"Mama Eliza," alisema tulipofika, "mwanangu amechukua visivyo vyake. Tunavirudisha."

"Mwalimu, mtoto ana njaa. Mimi nimempa."

"Havijagawiwa. Ni vyenu wote, na Mzee Shabani hayupo hapa tumwulize." Akainua kikapu. "Vikishagawiwa, fungu lako ni lako."

Akamimina viazi juu ya tuta, na mimi nikaviomba radhi kana kwamba ndivyo nilivyovikosea. Tulipokuwa tukirudi nyumbani alisimama kwenye mfereji akanawa uso, akakaa ameinama pale muda mrefu kuliko inavyohitajika kunawa.

Viazi vilivunwa Jumamosi iliyofuata, vikagawiwa barazani msikitini mbele ya watu. Siku hiyo Mama Eliza alikuja mwenyewe. Alipokea fungu lake, akaligawa mara mbili kwa mkono wake, watu wakimtazama, akabeba nusu moja kichwani akapanda nayo njia ya kwetu. Baba alikuwa nyuma yake, nami nyuma ya baba. Mlangoni akashusha kikapu.

"Hivi vimegawiwa," akasema.

Baba yangu, imamu, mwenyekiti wa kijiji, aliinama akakipokea kikapu kile kwa mikono miwili. Alisema, "Ahsante, Mama Eliza. Mungu akuzidishie." Jioni ile tulikula viazi. Sefu alikula mpaka akalala na kiazi mkononi.

Ningependa kuwaambia kwamba siku ile nilimsamehe. Sikumsamehe. Niliona aibu tu, na aibu ilinizidishia hasira. Nilikua nayo, nikaenda nayo shule ya bweni, nikaolewa Tanga nikiwa nayo. Zahanati ilijengwa, kweli, ya vyumba viwili, na wanangu wawili walizaliwa humo nilipokwenda kujifungulia nyumbani. Shamba la pamoja lilichoka baada ya miaka kadhaa, watu wakaacha kwenda zamu, vipande vikagawiwa kwa hawa na wale. Letu halikurudi, na baba hakuliuliza. Wakfu upo hadi leo.

Baba alifariki nikiwa mtu mzima wa miaka arobaini na mbili. Baada ya arobaini yake, watu walipokwisha kuondoka, nilikuwa nikiosha masufuria na mama uani, nikasema kwa uchungu wa msiba kwamba aliwahudumia wote, akatusahau sisi, akatoa hata shamba lake.

Mama akaacha kusugua. "Shamba lake lipi?"

"La mtoni."

"Lile lilikuwa langu."

Sikumwelewa. Ikabidi anieleze taratibu, kama nilipokuwa mdogo. Lilikuwa urithi wake kutoka kwa babu. Kaka zake walitaka kumnyima kwa kuwa ni mwanamke, na babu kabla ya kufa akawaambia fungu la binti ni lake mbele ya Mungu, akampimia yeye mwenyewe. Watu waliliita shamba la Maalim kwa sababu watu huita hivyo. Baba hakuwa na uwezo wa kulitoa, na alijua hana.

"Siku ya kwanza nilikataa," mama alisema. "Ya pili nikakataa. Ya tatu akaja jikoni akakaa chini, mimi nimesimama. Akasema, ukikataa tena nitakwenda kuwaambia sina ardhi, na nitaacha uenyekiti, na sitakulaumu mpaka nakufa. Nikamtazama nikajua ni kweli. Hatanilazimisha. Kama angenilazimisha, Hadija, nisingetoa hata tuta moja."

Nikamwuliza kwa nini basi hakusema, miaka yote ile, hata siku ile ya viazi.

"Nilimwomba asinitaje. Sadaka yangu niliitaka iwe kati yangu na Mungu. Lakini ulipomfokea vile, nilitaka kusema, akanizuia. Nikamwambia baadaye, mtoto huyu atakuchukia. Akasema, acha, ulitaka iwe siri, na iwe siri. Mimi atanikasirikia, atakua." Mama akachukua sufuria jingine. "Alikuwa anaumia. Ila hakulitaja kwangu tena."

Niliosha mikono, nikapanda peke yangu mpaka makaburini nyuma ya msikiti. Udongo wake ulikuwa bado haujashikana. Nilitoa salamu, nikamwambia baba maneno ambayo nilipaswa kumwambia nikiwa na miaka tisa, nikiwa na ishirini, nikiwa na thelathini. Ndugu zangu, kuna watu wenye haki ya kujitetea wakaacha, na sisi tuliowahukumu tunakuja kujua wakati hakuna tena wa kumshika mkono.