Uzi Mwekundu wa Makaa Yaliyoshiba

Pale karakana ya kutoa kafeini kwenye kahawa wanamwita Mama Makaa, naye hajali, maana kazi anaiweza. Buni mbichi huloweshwa kwenye maji ya moto, maji yale huchujwa kwenye makaa ya vifuu vya nazi yanayonasa kafeini, kisha buni hurudishiwa maji yake ipate ladha. Makaa yakishashiba hayanasi tena mpaka yachomwe upya, na kwa macho huwezi kuyatofautisha na mapya. Ndiyo maana gunia la yaliyoshiba hufungwa uzi mwekundu. Sheria hiyo aliitunga mwenyewe, na ole wako uisahau!

Leo mchana, akitafuta leso mfukoni mwa aproni, alitoa uzi mwekundu.

Akakumbuka. Juma lililopita gunia moja la yaliyoshiba lilitoboka, akahamishia makaa gunia jingine na kuuweka uzi mfukoni ili aufunge baadaye. Hakuufunga. Makaa yale ndiyo aliyochujia kahawa mpya. Yote bado iko ghalani, isipokuwa pakiti moja aliyompelekea mama mkwe jana, mama ambaye daktari alimkataza kafeini kwa sababu ya moyo wake.

Alipiga simu, ikaita weee bila kupokelewa. Akatoka mbio na aproni yake, akitaka kufika na akiogopa kufika.

Alimkuta uani anafua mapazia, saa ambazo kwa kawaida huwa amelala fofofo.

"Mbona mapema, mwanangu? Wamekufukuza?"

"Mama, umekunywa kahawa?"

"Vikombe vitatu! Leo ndiyo kahawa. Ile ya siku zote nilikuwa nainywa kwa kukupenda tu."

Akamshika mkono. Mshipa ulikimbia, ukasita, ukakimbia tena. Mama mkwe akacheka, kicheko kikakatika katikati, akaketi kizingitini huku jasho likimtoka.

Kule zahanati, daktari aliuliza mgonjwa amekunywa nini.

"Kahawa ya dukani," mama mkwe akawahi, akihema. "Nilijinunulia mwenyewe. Mkwe wangu hajui lolote."

Mama Makaa akamsogelea daktari. Angeweza kunyamaza tu.

"Ni kahawa yangu, daktari. Kafeini haikutoka. Kosa ni langu."

Daktari akaagiza dawa haraka. Mama mkwe akafumba macho bila kumwachia mkono. Na Mama Makaa akabaki anahesabu mapigo yale, na kila yaliposita, naye aliacha kupumua.