Mkwe wa Chumba Namba Mbili

Kilichoanza kumkera Mzee Andongwisye ni ufunguo. Ulikuwa umefungwa kwenye kipande cha gogo kikubwa kama kiazi cha Isongole, kimepakwa vanishi na kuchongwa namba mbili.

"Gogo la nini?" akauliza.

"Ili mgeni asiondoke nao kwa bahati mbaya, babu," akajibu binti wa mapokezi, jina lake Gloria.

Mzee alikuwa amepima majani ya chai ya watu kwa miaka thelathini na mmoja, na hakuwahi kuondoka hata na kipande cha kamba ya gunia. Akalichukua gogo lake, akaingia chumbani akinung'unika.

Kulala hotelini hakuomba. Yeye ni mwakilishi wa wakulima wa chai wa Lupepo, na kila mkutano ulipoitwa Tukuyu alikuwa akilala kwa rafiki yake Zebedayo, katika mtaa wa Bagamoyo palepale mjini, kwenye kitanda cha kamba, wakila ndizi na kusengenya watu hadi usingizi uwachukue. Mwaka huo wa tisini na saba mikutano ilikuwa imezidi. Viwanda vinauzwa, wanunuzi binafsi wanaingia, na kila mara mkulima anaitwa aje aambiwe jinsi soko huria litakavyomtajirisha. Yeye soko huria lilikuwa limeshamtembelea mapema: kiwanda alichokuwa akifanyia kazi kilipopata mwenyewe mpya, jina lake lilikuwa la pili kwenye orodha ya waliopunguzwa. Sasa mwanawe mkubwa, Ackson, anayeuza mitumba Dar es Salaam, akaandika barua kwamba baba yake asilale tena kwenye kamba kama mbuzi. Amemlipia siku mbili katika hoteli mpya ya kando ya mto. Imeshalipwa, baba, ukikataa hela imepotea.

Watoto wa siku hizi wanakufanyia wema bila kukuuliza.

Hoteli yenyewe ilikuwa katika mtaa wa zamani wa boma, nyumba ya matofali mazito ya enzi za Wajerumani, ambamo baadaye mabwana shamba wa serikali walikuwa wakifikia. Serikali ikaiuza. Aliyeinunua ni kijana kutoka Moshi aitwaye Prosper, akaweka vigae, akapanda maua hadi kwenye kingo za mto, akaacha vyumba sita tu. Mzee alipouliza kwa nini nyumba kubwa vile ina vyumba sita na bei ya vyumba ishirini, Gloria akamwambia kuwa uchache huo ndio unaolipiwa. Mzee akamtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania.

Chumbani mlikuwa na mito minne kwenye kitanda cha mtu mmoja. Sabuni ilikuwa ndogo kama kidonge cha ng'ombe. Mataulo yalikuwa matatu: moja dogo, moja la kati, na moja kubwa linaloweza kumfunika ndama, na hakuna aliyemweleza lipi ni la wapi. Ukutani kulikuwa na picha ya simba. Simba, Rungwe! Na chini ya dirisha mto ulikuwa unanguruma kwa mvua za masika, sauti ambayo Prosper alikuwa ameisifia kwenye bango lake la barabarani kwamba humbembeleza mgeni. Mzee ulimbembeleza kwenda msalani mara mbili kabla hata ya jua kuzama.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akajisemea huku akifunga zipu. "Mimi hapa ndiye nitakayehitaji kupona."

Saa moja jioni akaenda kwenye ukumbi wa chakula. Wageni wengine walikuwa wawili tu, Wazungu waliokuja kupanda mlima, wamekaa pembeni na ramani yao. Mzee akavuta kiti. Mlango wa jikoni ukafunguka, akatoka mama mmoja na sinia la mabakuli ya supu. Akapiga hatua tatu, akainua macho, akamwona aliyekaa meza ya namba mbili.

Hakupiga kelele. Alivuta pumzi tu, akavuta kitenge kikafunika uso, akageuka mbio. Sinia likabaki halina mtu. Mabakuli yakaenda chini yote, na supu ikatambaa hadi kwenye viatu vya Mzungu.

"Mama Anosisye!" Gloria akaita kutoka mapokezi. "Vipi tena?"

Hapo Mzee Andongwisye akainuka na kugeukia ukuta kama aliyechomwa mkuki. Anosisye ni mjukuu wake. Mama Anosisye ni Ikupa, mke wa Erasto, mwanawe wa pili.

Anayetoka kwingine ataona ni jambo la kucheka, na acheke. Kwa Wanyakyusa, mwanamke na baba mkwe wake hawakutani. Hamtazami usoni, hasemi naye, hatamki jina lake, akimwona njiani anaingia shambani hadi apite. Huko ndiko kutila, na ndiyo heshima yenyewe. Mchungaji alikuwa ameshasema mara kadhaa kanisani kwamba kusalimiana si dhambi, lakini mchungaji hakuzaliwa Lupepo. Kwa miaka kumi na moja ya ndoa ya Erasto, Mzee alikuwa hajauona uso wa Ikupa, na alikuwa anajivunia hilo. Ni mke mwenye adabu. Ndiyo maana pia hakujua kwamba anafanya kazi humo. Esnath, mkewe, alijua kuwa mkwe wao yuko "hotelini," hoteli gani hakuuliza, na Mzee asingeweza kuuliza habari za mke wa mwanawe aendako na atokako. Ackson kule Dar ndiyo kabisa. Kwa hiyo ukoo mzima, kwa heshima na adabu tele, ulikuwa umeshirikiana kumlaza baba mkwe mikononi mwa mkwewe.

Kitu kimoja Mzee alikijua. Erasto alianguka kutoka juu ya paa la kanisa miaka miwili iliyopita akipigilia bati, na mguu wake haukurudi kuwa mguu. Watoto watatu wanakula, wanavaa na wanasoma kwa mshahara wa mama yao.

Prosper akafika akiwa amekunja uso. Hakumkaripia mgeni, alimkaripia mama kupitia mlango wa jikoni, na kila mtu akasikia. Mabakuli yametoka Dubai. Wageni wamerukiwa na supu. Hii ni mara ya pili mwezi huu, mara ya kwanza alimkimbia mzee mmoja wa kijiji cha Masoko, leo huyu. "Kesho asubuhi nitasimama hapa mwenyewe," akasema. "Utahudumia meza zote, na ya namba mbili pia. Ukimkimbia mgeni tena, usivue kitenge, nenda nacho nyumbani."

Mzee akamfuata barazani.

"Mwanangu, yule mama hana kosa. Mimi ni baba mkwe wake."

"Hongera, mzee wangu."

Mzee akaanza upya, taratibu, kama anayemweleza mtoto wa darasa la kwanza. Akaeleza kutila mwanzo hadi mwisho, na kwamba hata ndugu za baba mkwe hukimbiwa vivyo hivyo. Prosper alisikiliza kwa adabu, kijana hakuwa mbaya, ila kadiri alivyosikiliza ndivyo uso wake ulivyozidi kuingiwa na hesabu.

"Sasa mzee, Rungwe nzima hii wanawake wana wakwe?"

"Walioolewa wote."

"Na wakwe wote wanaweza kuja kulala hapa?"

"Wakiwa na watoto kama wa kwangu, ndiyo."

"Basi umenisaidia. Bora niagize wahudumu kutoka kwetu Moshi. Biashara huria haiwezi kukimbia kila mzee anayeingia."

Mzee akatamani kujitafuna ulimi. Alikuja kumwokoa mkwe mmoja, sasa amewafukuzisha kazi wakwe wa wilaya nzima. Akarudi chumbani, akakunja nguo zake kwenye mfuko wa rambo. Atakwenda kwa Zebedayo, kwenye kamba zake, na mambo yaishe. Gloria akamzuia mapokezini.

"Babu, ukiondoka ndiyo umemmaliza. Bosi atasema mgeni amekimbia kwa sababu yake."

"Na nikibaki?"

"Ukibaki atakukimbia tu. Yuko jikoni analia. Amesema heri afukuzwe kuliko akuvunjie heshima."

Mzee akasimama na mfuko wake mkono mmoja na gogo mkono mwingine. Hasira ikampanda, na hakujua amkasirikie nani. Ackson na wema wake? Prosper na mabakuli yake? Bibi zake waliomwachia desturi wakaenda zao? Kuondoka ni kumfukuzisha, kubaki ni kumfukuzisha. Akarudi chumbani. Mpishi, Ezron, akamletea chakula mlangoni: vipande vitano vya ndizi vilivyokatwa vyembamba kama sarafu, vimepangwa duara, katikati jani moja la giligilani. Vipande vitano! Mtu wa Rungwe!

Alilala vibaya kwenye mito minne, na mto wa tano nje ukinguruma.

Asubuhi, Wazungu walikuwa wanakula mayai na Prosper amesimama mlangoni mikono nyuma, ndipo Mzee Andongwisye alipotoka chumba namba mbili. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani na tai. Kichwani, hadi kifuani, alikuwa amejifunika lile taulo kubwa. Alitembea akipapasa ukuta, akaifikia meza kwa kugonga goti, akakaa amegeukia dirisha. Mzungu mmoja akaacha kutafuna.

"Mzee wangu!" Prosper akaja mbio. "Kuna nini?"

"Macho, mwanangu. Yamenianza usiku. Mwanga unaniua."

Tangu alipochaguliwa kuwa mzee wa kanisa hakuwahi kudanganya akiwa amevaa koti lile. Ndani ya taulo alisikia masikio yakipata moto.

"Pole sana! Nikuazime miwani yangu nyeusi? Ni ya Dubai, utaona vizuri kabisa."

"Sitaki kuona vizuri!" Mzee akafoka, kisha akashusha sauti. "Ndaga, asante, mwanangu. Niletee chai tu. Na mwambie Gloria awaambie wa jikoni kwamba mgeni wa namba mbili haoni kitu. Wasije wakanimwagia."

Gloria hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Viatu vyake vikasikika vikikimbilia jikoni.

Chini ya pindo la taulo Mzee aliona kitambaa cha meza, kijiko, na mikono yake mwenyewe. Mlango ukalia. Nyayo zikaja, ndala laini, zikasimama nyuma yake kwa mbali. Zikakaa hapo. Viatu vya Prosper vikageuka upande ule. Mzee akawaza watoto watatu, akawaza mguu wa Erasto. Njoo, mama, akasema moyoni. Mimi sipo hapa. Hili ni taulo tu. Akafumba na macho ili pasiwe na deni kwa upande wowote.

Ndala zikasogea. Kitu kikawekwa mezani, kisha kingine kizito zaidi. Alisikia pumzi ya mtu anayejizuia. Ndala zikaondoka bila haraka, hatua kwa hatua hadi jikoni, na mlango ukafungwa taratibu.

Akafumbua macho. Kikombe cha chai kilikuwa pale, na pembeni yake sufuria. Siyo sahani, sufuria nzima, ndizi nzimanzima zilizopikwa na maharage, zinafuka moshi kama za nyumbani kwake Lupepo. Mwanamke huyu hakuwahi kumwandalia meza hata siku moja, na alijua kabisa kwamba jana amelala na njaa. Mzee akapangusa macho kwa pindo la taulo. Akakasirika tena, kwa sababu kulia ndani ya taulo la mtu mbele ya Wazungu si jambo la mzee wa kanisa.

"Hii haimo kwenye orodha ya vyakula," Prosper akasema, akiinama kutazama.

"Usiiguse."

Akala yote, taulo kichwani, akipitisha kijiko chini ya pindo. Alipomaliza, Prosper alikuwa amelainika. Akasema umeona, mzee, mama ameweza, ilikuwa woga tu. Akatoa kitabu kikubwa cha wageni, akamwomba aandike maoni ikiwa macho yanaruhusu, kwa sababu wawekezaji wenzake hukisoma.

Mzee akakivuta ndani ya taulo. Maisha yake yote alikuwa ameandika kilo za watu, mwandiko wake ni mnyoofu. Akaandika jina, akaandika Lupepo, kisha kwenye maoni akaandika: *Mhudumu sikumwona hata mara moja. Ndiye kitu bora kuliko vyote katika hoteli hii. Asiguswe.*

Prosper akasoma mara mbili.

"Hukumwona, mzee, halafu ndiye bora?"

"Ndivyo hivyo."

Akainuka, akashika gogo lake, akaanza kupapasa ukuta kurudi chumbani akachukue makaratasi ya mkutano. Mlangoni akasimama.

"Na hili taulo lisifuliwe," akasema. "Jioni nitalihitaji."