Stesheni ya Masagati

Gemu lilinipa siku tatu. Kampuni yangu ya reli isipotoka kwenye hasara ndani ya siku hizo, ingeuzwa pamoja na vichwa vya treni, mabehewa na stesheni zote nilizojenga kwenye simu tangu nimalize chuo na kurudi nyumbani Ifakara. Miezi saba ya kazi. Mama alikuwa na jina jingine la kazi hiyo, tuliache.

Stesheni nilizipa majina ya huku kwetu: Ifakara, Namawala, Mlimba, na mwisho kabisa Masagati, alikozaliwa mama na anakoishi bibi mpaka leo. Masagati yenyewe haina reli. Ukishuka treni Mlimba unatafuta pikipiki na kuomba mvua isinyeshe. Kwenye simu nilifikisha reli huko kwa kidole, dakika mbili tu.

Wiki hiyo bibi alikuwa amekuja kututembelea. Alikuwa barazani akipeta mchele, mimi nimeinamia simu pembeni yake.

"Mume wangu," akasema, maana bibi na mjukuu kwetu ni watani, "leo hata shikamoo sipati kwa sababu ya huyo mke mdogo?"

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Ana nini huyo ambacho mimi sina?"

Nikamwonyesha treni zinavyokwenda, nikamsomea majina ya stesheni. Nilipofika mwisho wa reli, ungo ukasimama.

"Kwetu kuna treni?"

"Kwenye simu tu, Bibi. Na sasa hivi naifunga."

"Ipo tangu lini?"

"Tangu mwezi wa pili."

"Yaani reli imefika kwetu bila mimi kujua, nimejua leo, na leo ndiyo unaifunga?"

Nikamweleza kwa utaratibu, kama msomi. Treni inakwenda tupu na kurudi na abiria wanne. Stesheni isiyo na faida inakula faida ya wenzake. Nikiifunga, kampuni inapona.

"Hao wanne si watu?"

"Ni picha, Bibi."

"Na wewe miaka yote ya chuo uliingiza faida gani? Mama yako alikufunga?"

Jikoni mama alicheka mpaka mfuniko ukamponyoka. Bibi hakucheka. "Mume gani anawafungia wakwe njia? Kesho nataka talaka yangu."

Mimi huuliza kila kitu. Chuoni wahadhiri walinichoka kwa kuwauliza takwimu zao zimetoka wapi. Lakini gemu lilipoipaka Masagati rangi nyekundu ya hasara, nilikubali bila swali hata moja. Nikafungua taarifa zake na kuzisoma upya. Kumbe mchele uliopakiwa Masagati ulihesabiwa kuwa pato la Ifakara, unakoshushwa. Nani aliamua hivyo? Sikuifunga. Badala yake nikaiongezea mabehewa mawili ya mizigo, bibi akiniangalia kwa jicho moja.

Ningependa kuandika kwamba ujanja huo uliokoa kampuni. Haukuiokoa. Asubuhi ya siku ya tatu ujumbe uliingia: kampuni imeuzwa. Nikamsomea bibi, nikihisi aibu kwamba kitu cha kwenye simu kinaweza kuniuma kiasi kile.

"Tumefukuzwa?" bibi akauliza kutoka kwenye ungo wake.

Alisema "tumefukuzwa". Hilo lilinifanya nicheke.

"Tumefukuzwa, Bibi."

"Hawaruhusu kuanza tena?"

Wanaruhusu. Nikabonyeza, ikatokea nchi isiyo na reli, majani, mto na miji tu. Kidole changu kikaenda moja kwa moja kwenye mji mkubwa, kwa sababu ndivyo gemu linavyoshauri na ndivyo kila mtu anavyofanya. Bibi akanishika kifundo cha mkono kwa kiganja kilichojaa vumbi la pumba.

"Anzia kwetu. Wa Ifakara wangoje zamu yao."

Nikasogeza ramani mpaka kwenye kona ya mwisho kabisa. Nikaweka stesheni ya kwanza Masagati.

Mama akaita kutoka jikoni, mchele uko wapi, maji yanachemka. Bibi akamwambia asubiri kwanza, tunachagua rangi ya paa.